Sori Niliyomwambia Winga

Winga wetu alikuwa Mdenmark, na alifika kwenye timu yetu ya Dubai akiwa ameshapigwa mateke ya nchi nyingi. Mimi nilikuwa mtunza njumu: naziosha, nazikausha, nazikaza meno ya chuma kwa spana. Akiketi mbele yangu kufunga bandeji, alinionyesha makovu yake kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Hili la kwao, alipokuwa kijana. Hili la Uholanzi, beki alimkanyaga akiwa ameshaanguka. Hili la Ujerumani, mfupa ulitokeza nje ya soksi. Maisha yake yote ya mpira niliyasoma miguuni mwake, na nikawachukia wote waliompiga.

Dubai nako hakusalimika. Beki wetu wa kushoto, kipenzi cha wenye timu, hakuvumilia kupigwa chenga na mtu mzima mbele ya watu. Kila mazoezi alilipiza: kiwiko cha mbavu, goti la paja, teke la kisigino mpira ukishapita. Mdenmark naye hakuwa malaika. Siku moja alimtwanga kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye chupa za maji. Kocha akapiga makofi, eti hiyo ndiyo roho ya ushindi. Mjinga yule!

Halafu kuna siku beki alimrukia kwa miguu yote miwili. Mlio wa goti niliusikia nikiwa nje ya uwanja. Nilikimbia na machela, nikapiga magoti, nikamshika kichwa.

"Sori, sir. Sori sana. Sori."

Kwetu Likoni mtu akijikwaa mlangoni, hata kama wewe umeketi zako mbali unakunywa chai, unamwambia pole. Na kwa Kiingereza tulichofundishwa sisi, pole ni sori. Mdenmark hakujua hayo. Alinikamata shingo ya fulana.

"Sori ya nini? Umezifanya nini njumu zangu?"

Ngumi yake ilinipata mdomoni kabla sijajibu. Nilitema jino kwenye nyasi, na wallahi nilitamani kumrudishia, vile vile alivyolala.

Meneja aliliokota neno hilo kwa mikono miwili. Kama kosa ni la njumu, basi kipenzi chao hana kosa. Kesho yake aliniita.

"Wewe umesema sori mbele ya timu nzima. Meno ya chuma yalilegea, sivyo? Sema, khalas, tumalize."

"Sir, nilikuwa nampa pole tu."

"Asiye na kosa haombi msamaha."

Nilijua maana yake. Nikikiri, viza inafutwa, narudi nyumbani na sifa ya kuvunja goti la mchezaji, na hakuna timu Ghuba nzima itakayoniruhusu nishike hata soksi. Niliporudi Al Quoz kwenye nyumba ya kampuni, wenzangu chumbani waliniuliza nani kanipasua mdomo. Nilipiga teke ndoo mpaka ikapasuka.

Meneja alinipeleka hospitali ili nikiri mbele ya mgonjwa. Mdenmark alikuwa amelala mguu juu, madaktari wameshamwambia hatacheza tena. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimweleza habari ya pole kwa hasira, mate yakiniruka kwenye pengo la jino. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudisha kichwa nyuma akakibamiza ukutani kwa nguvu zake zote.

"Sori!" nikaropoka, mkono wangu ukiwa umeshafika kisogoni kwake.

Tukatazamana. Alicheka, kisha akalia, damu inamshuka shingoni, nami nikalia pamoja naye bila haya. Akamgeukia meneja.

"Umesikia? Huyu husema tu. Njumu zilikuwa sawa. Beki wenu ndiye aliyenivunja, na wewe uliona."

Meneja alitazama simu yake. "Khalas. Yalla, rudi kazini."

Kwa hiyo kazi ilibaki yangu. Nilishukuru, siwezi kusema uongo. Mdenmark alirudishwa kwao kwa ndege akiwa na magongo, na gazeti likaandika kuwa mwili wake ulikuwa umechoka.

Siku ile ile niliyotoka hospitali, nilimkuta beki ananingojea kwenye chumba changu cha njumu. Alitupa zake mezani. Kulikuwa na nyuzi za soksi ya Mdenmark zimenasa katikati ya meno.

"Meno haya mafupi," alisema. "Niwekee marefu. Ijumaa tuna mechi na wale wenye winga Mbrazili."

Nilichukua spana, nikamkazia marefu.