Jina la Baba Kwenye Cheti cha Machuki

Kusoma najua, na hilo ndilo lililoniponza. Mwaka wa tisini na sita, mtu wa Migori akiokota karatasi ya zamani kwenye sanduku la marehemu, alikuwa anaambiwa, "Mpelekee Joash." Nilikuwa na meza na taipureta kwenye veranda ya duka moja, karibu na ofisi za serikali. Wakati huo mashamba yalikuwa yanapimwa, kwa hivyo kila mtu alitaka kujua babu yake alikuwa nani na alimzaa nani. Walikuja na vyeti vya kuzaliwa vilivyoliwa na mende, vingine vimeshonwa kwa uzi. Mimi navaa miwani, nasoma mwandiko wa makarani wa kitambo, kisha natoa hukumu. Watu wakisimama kunitazama, nilipenda. Nilipenda sana, bwana, na leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Machuki alikuja siku ya soko. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, kofia ameishika mkononi. Mtu mmoja wa ukoo wao, Kerosi, alikuwa ameiambia kamati ya ardhi kwamba Machuki si mtoto wa boma lile, kwa hivyo asiandikiwe shamba. Kikao kingine kilikuwa karibu.

"Niandikie barua, karani," akasema. "Kwa Kizungu. Kamati ijue mimi ni wa nani. Cheti changu hiki hapa."

Nikakifungua. Mwaka wa 1964. Jina la mama: Robi. Jina la baba: Phelesia Boke.

Nilicheka. Sisemi kutabasamu, nasema nilicheka mpaka Truphena, anayeuza chai hapo kando, akaacha kumimina. "Jamani, njooni muone maajabu! Baba ya huyu bwana anaitwa Phelesia! Sasa siku ya harusi nani alivaa gauni?"

Veranda nzima ikaangua kicheko. Machuki akangoja tunyamaze, kisha akasema polepole, "Ndiye baba."

"Ndugu yangu, karani aliyeandika hiki cheti alikuwa amelewa," nikamwambia. "Wacha nikutengenezee."

Nikapiga taipureta kwa madaha. Niliandika kwamba cheti kina makosa, na kwamba baba ya mwombaji hajulikani. Kawaida yangu namsomea mteja barua kwa Kiswahili kabla hajaweka kidole. Siku hiyo sikumsomea. Nilijiambia namhurumia, nisimtamkie usoni kwamba hana baba. Huruma gani hiyo, baada ya kumfanya achekwe na watu? Akaweka kidole gumba, akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili alirudi na mama mmoja mzee, mwembamba, masikio yametobolewa kwa desturi ya kwao, mgongo umenyooka kuliko wangu. Hakusalimia. Aliweka ile barua juu ya taipureta.

"Wewe ndiye ulimwandikia huyu mtoto wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Soma. Kwa Kiswahili. Na usome kwa nguvu, hao waliocheka wasikie."

Nikasoma. Nilipofika "baba hajulikani", nikavua miwani. Machuki alikuwa anatazama chini. Mama akanieleza kwamba Kerosi alisimama mbele ya kamati akapiga makofi: mwenyewe ameweka kidole kwamba hana baba! Jina la Machuki likafutwa palepale.

"Mume wangu alikufa, hakuniachia mtoto wa kiume," mama akasema. "Kwetu nyumba haifi hivyo. Nilitoa ng'ombe kwenye zizi langu, nikaoa Robi, anizalie wa kushika boma. Baba ya huyu ni mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe ni mimi, Phelesia. Yule karani hakulewa. Aliniuliza, nikamwambia, akaandika. Wewe hukuuliza."

Hakuna aliyecheka. Truphena akanitazama, akatikisa kichwa. "Yawa, Joash! Nyani haoni kundule."

Truphena ni wa kwetu Ndhiwa, kwa hivyo anajua. Cheti changu mimi kina jina la Okech kuwa baba, na Okech alikufa miaka mitatu kabla sijazaliwa. Mama yangu Zilpah alirithiwa na shemeji yake, kama desturi ya sisi Wajaluo, na mtoto anayezaliwa hapo ni wa marehemu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza swali. Lakini shuleni mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuhesabu hiyo miaka mbele ya darasa, akacheka, na mimi nikakaa porini wiki nzima badala ya kwenda shule. Haki ya Mungu, hayo yote niliyajua.

Siku ya kikao kilichofuata nilienda mwenyewe. Mwenyekiti, Mzee Nyamhanga, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua barua. "Hapa kuna kidole chake. Leo tukuamini kwa nini?"

"Amenunuliwa huyo!" Kerosi akapayuka.

Nikatoa cheti changu mfukoni, nikampa mwandishi wa kamati akisome. Halafu nikasema mbele ya watu wote, jasho likinitoka, kwamba aliyeandikwa pale kuwa baba yangu alikuwa kaburini tayari mimba yangu ilipotungwa. Kwamba shamba ninalolima Ndhiwa ni lake, na hakuna aliyenifukuza. Na kwamba barua ya Machuki niliiandika mimi kwa kiburi changu, wala sikumsomea.

Kerosi akacheka peke yake. "Mtoto wa maiti!"

Wazee hawakumwangalia. Walinong'ona kwa Kikuria kwa muda mrefu, na mwishowe mwandishi akarudisha jina la Machuki kwenye kitabu, chini ya boma la Phelesia Boke.

Tulipotoka nje nikampa Machuki mkono. Aliutazama tu.

"Kwa hivyo siku ile ulijua," akasema. "Ulijua mtoto anaweza kuwa wa mtu ambaye hakumzaa. Na bado ukaita watu waje wanicheke."

"Nilijua," nikasema.

"Barua nimekusamehe. Barua ulikosea." Akavaa kofia yake. "Lakini kucheka hukukosea, ulikusudia."

Akamshika Phelesia mkono, wakashuka kilima pamoja, mimi nikabaki nimesimama hapo na cheti changu.