Dubu Waliokula Bata wa Baba Rukia

Jamani, kuna mtu humu kundini amewahi kuona dubu Uingereza?

Maana mume wangu anasema leo kawaona wawili.

Alfajiri aliondoka na mwenzake wa kazini, Mzungu wa Sutton Coldfield, kwenda kuwinda bata kwenye kinamasi. Mimi nikakuna nazi. Nikaalika na mawifi waje jioni.

Saa nane karudi. Tope mpaka magotini, mfuko mtupu.

"Dubu wametokea kwenye matete, Mama Rukia. Tumewaachia bata, tumekimbia."

Rukia wetu, mzaliwa wa hapahapa Birmingham, akamwambia kwa Kiingereza kwamba nchi hii haina dubu wa porini.

"Basi wametoroka bustani ya wanyama," akasema. Hanitazami!

Nikabandika maharage.

Mara hodi. Yule mwenzake, kaleta kofia iliyosahaulika garini. Anacheka, anatushukuru kwa bata sita alioachiwa.

Nikamgeukia mume wangu. Akawa anabandua tope magotini. Halafu, kwa sauti ya chini:

"Waliruka ghafla, nikafyatua kabla ya kusema bismillahi. Ningewaleteaje mle haramu?"

Hapo nikamwonea huruma, wallahi.

Mpaka nikakumbuka sungura aliyemwinda mwezi uliopita. Tulimla sote, wifi mkubwa akafyonza mpaka mifupa.

"Na yule sungura je, ulimsomea?"

Anasema ana usingizi. Saa tisa hii ya mchana!

Mawifi, jioni mje. Ni maharage ya nazi. Na kaka yenu mtamuuliza wenyewe.