Pikipiki ya Vita Iliyopakwa Buluu

Pikipiki ya baba imekaa kwa banda letu huku Iguhu miaka mingi kuliko umri wa watoto wangu wote. Kuku wanataganga kwa kiti yake. Ni ya buluu, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na baba, Mungu amrehemu, alikuwanga akisema, "Hii ilitoka kwa jeshi ya Mwingereza. Hii ni ya vita." Halafu anaipangusa polepole, kama mtu anampangusa mtoto kamasi.

Mimi niliamini. Mdogo wangu aliamini pia, mpaka siku alienda kujigamba shuleni, wenzake wakamcheka mpaka akalia. "Jeshi gani ilinunua pikipiki ya buluu? Baba yako ni mwongo!" Sasa ni mzee wa mvi, na bado hataki kusikia habari ya ile kitu.

Basi juzi akanunua ng'ombe wa gredi, akataka banda. Alinikuta nikichambua kunde.

"Dada, Jumamosi mtu wa vyuma anakuja. Hiyo kitu ya baba inaenda kukatwa."

"Ikatwe? Pikipiki ya vita?"

"Vita gani! Baba alitudanganya, na wewe umezeeka na uongo yake."

Uongo! Baba yangu! Kunde zote zikamwagika. Nikamwambia, "Wewe mwana wa mama, nipe mpaka Jumamosi. Nikikuonyesha ilikuwa ya jeshi, utaiacha?"

"Nitaiacha. Lakini hutaonyesha."

Kesho yake nikaita fundi wa pikipiki kutoka Lurambi, mwanaume mzima, mikono myeusi ya oili mpaka kwa kiwiko. Alipoingia kwa banda akasimama. Akavua kofia. Ndiyo, akavua kofia kama yuko kanisani!

"Nyanya, hii mlikuwa mmeificha wapi?"

"Hatukuificha. Kuku ndio wanaiangalia."

Akaniomba mafuta taa na gunzi la mahindi, akaanza kusugua tangi. Pole, pole. Buluu ikalainika, ikatoka. Chini yake kukatokea rangi nyingine, si kijani, si kahawia, ile rangi ya chura. Alipoendelea kusugua, zikatokea namba nyeupe, zimepakwa na brashi, zimenyooka kabisa. Mimi sikumaliza hata darasa la pili, lakini namba ninazijua. Nilipiga vigelegele, kuku wakatoka mbio.

"Ngoja kwanza, nyanya. Hakuna alama mahali?"

Nikamwambia alama hakuna, isipokuwa pale kwa chuma ya chini ya kiti kuna mguu wa kuku. Tangu utoto tulijuanga kuku alikanyaga hapo. Akainama na tochi ya simu. Nikasikia anacheka, anacheka mpaka akakaa chini kwa majani.

"Nyanya! Ni kuku gani anakanyaga chuma mpaka chuma inabonyea? Huu ni mshale! Mwingereza alikuwanga anapiga huu mshale kwa kila mali ya serikali yake. Bunduki, sepetu, kila kitu. Vita ilipoisha pikipiki zikabaki nyingi, jeshi ikaziuza kwa mnada."

Fikiria! Nyumba nzima, miaka yote hiyo, tumemsingizia kuku.

Mdogo wangu akaja, akaangalia namba, akaweka kidole kwa ule mshale. Nikajua nimeshinda. Halafu akasema, "Sawa, ni ya jeshi. Sasa kwa nini baba aliifunika na buluu? Mtu anapakanga rangi kitu ya wizi."

Mnaona? Asubuhi baba alikuwa mwongo, jioni amekuwa mwizi. Hiyo iliniuma hapa kifuani.

Lakini kulikuwa kumebaki mtu mmoja wa kuuliza. Baba alifanyanga kazi kwa shamba ya mzungu huko Lugari, wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Mama mmoja mzee, ambaye baba yake alikamua ng'ombe kwa shamba hiyo hiyo, angali anaishi huko. Ijumaa nikamvuta mdogo wangu, tukabeba sukari na majani chai, tukaenda.

Mama mzee aliposikia tu neno pikipiki, akapiga makofi. "Ile ya buluu? Bado iko? Hiyo rangi ilikuwa ya madirisha ya mzungu! Mimi ndiye nilishika kopo baba yenu akipaka."

"Alikuwa anaficha nini, mama?" mdogo wangu akauliza, sauti chini.

"Aficheje, na mzungu mwenyewe alimpa? Alinunua mbili za jeshi. Moja ikakufa gia. Akasema mwenye ataweza kuiondoa kwa uwanja wake, ni yake. Baba yenu akasema, mimi. Nyapara ndiye alimwambia, paka rangi, polisi wakiona mtu mweusi na rangi ya jeshi hawataki kusoma barua ya mzungu."

"Halafu akaiendesha mpaka nyumbani," nikasema, kwa sababu ndivyo baba alituambianga.

"Aendeshe, na imekufa? Alisukuma, mtoto wangu. Kutoka hapa mpaka kwenu Iguhu, siku tatu. Sisi watoto tulimfuata mpaka mtoni, tukitaka kusaidia. Akatufukuza, eti tutachafua rangi."

Njia yote ya kurudi mdogo wangu alikuwa anaangalia milima tu. Hata chai ya jioni hakunywa.

Jumamosi nikasikia mtu anahema nje. Ni yeye, ameitoa pikipiki kwa banda peke yake, anaisukuma. Shati imelowa. Alifika langoni akaishiwa nguvu, akakaa kwa nyasi.

"Unampelekea mtu wa vyuma?" nikamuuliza.

"Nilitaka tu kujua. Siku tatu, dada?"

"Tatu."

"Na ile milima yote?"

"Na milima."

Akainamisha kichwa. Mtu wa vyuma akafika na mkokoteni wake, akaanza kushika usukani. "Mzee, ni hii?"

"Toa mkono," mdogo wangu akasema, hata pumzi haijarudi. "Hii haikatwi. Shika huko nyuma, tusaidie kuirudisha ndani."

Tulikuwa watu watatu. Tulipumzika mara mbili kabla ya kufika kwa mlango wa banda.