Madumu Mawili Nyuma ya Gari

Kaka yangu hajawahi kumwamini muuza mafuta yeyote. Tangu aliponunua ile Landrova kuukuu, iliyokuwa imeshawachosha wenyewe kadhaa kabla yake, hakutoka Masasi bila dizeli ya akiba. Kazi yake ilikuwa kubeba salfa ya mikorosho kupeleka mashambani na kushusha magunia ya korosho, leo Chiwata, kesho vijiji vya juu huko Newala. Kwenye barabara zile mtu akiishiwa mafuta porini anakaa hapo hapo mpaka Mungu amkumbuke.

Alikuwa na madumu mawili ya chuma, ya lita ishirini kila moja, yanayofanana kabisa. Fundi mmoja wa Masasi alimchomelea vishikio nyuma ya gari, kimoja kila upande wa mlango. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiyafunge juu kwenye keria, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Uzito ukikaa juu, alisema, gari linapinduka kwenye makorongo. Ndani nako hapana, harufu itawalevya abiria. Madumu ya plastiki aliyadharau, maana yanafura juani na kupasuka siku usiyotaka. Hakujaza mpaka shingoni. Aliacha nafasi kidogo ili dizeli ikipata joto isisukume kifuniko. Mipira ya vifuniko aliikata mwenyewe kutoka kwenye mipira chakavu ya baiskeli. Nayajua haya yote kwa sababu alinihubiria kila safari, na mimi ni mwalimu, nimezoea kuhubiri mwenyewe.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuyapaka rangi wala kuyatia alama, kwa sababu hakuona haja. Alizunguka nyuma ya gari akayagonga kwa konzi, moja baada ya jingine. Lililojaa liliitika kwa sauti nzito, na tupu lilitoa mlio kama sufuria. Hilo lilimtosha kwa miaka yote niliyomfahamu kama dereva.

Mama yetu alikaa Mkunya, huko juu Newala, kwenye nyumba aliyotulea, na mikorosho yake nyuma na mihogo yake mbele. Ukitaka kumjua Mama, ujue kwanza habari za maji. Alipokuwa msichana alishuka bondeni na wenzake kuchota, wakapanda tena na mitungi kichwani, na safari hiyo ilimla asubuhi nzima. Siku hizi mabomba yapo, ila yanatoka yanapotaka. Kwa hiyo Mama alikuwa na kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Sisi wanawe tulioga kwa kata alizozipima yeye, na ukiomba ya ziada unaulizwa kama umeota magamba.

Lakini mwanamke huyo huyo, aliyeninyima maji ya kusuuzia miguu, hakuruhusu chombo cha mtu kitoke kwake kikiwa kitupu. Ukimletea unga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kunde. Ukisahau ndoo yako kwake, utaikuta imejaa maji, na kwa watu wa kule juu hakuna zawadi inayozidi hiyo. Wala hakuitangaza. Alisema ukimtangazia mtu zawadi unamdai shukrani, bora aikute mwenyewe.

Mwaka ule, katikati ya kiangazi, mimi na kaka tulipanda kumwona. Kaka alipofika tu alimimina dumu moja kwenye tangi, akalirudisha tupu kwenye kishikio chake. Tukamsalimia Mama, akaitikia marahaba mbili, moja kwa kila mmoja, akatulalamikia kwamba tumekonda. Mchana tukaenda kuhani kwa jirani aliyefiwa. Mama hakwenda. Alisema tumbo linamsumbua, ataenda jioni.

Jioni hakwenda. Tulipoamka kesho yake alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtoka, tumbo limekaza kama ubao. Kaka alimbeba mikononi, na hapo ndipo nilipoona alivyokuwa mwepesi. Daktari aliyempokea Newala alimpapasa akasema utumbo umejifunga, anahitaji upasuaji, na apelekwe Masasi bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mjamzito. "Kama mna gari," alisema, "msingoje." Tukamlaza Mama kwenye godoro nyuma ya Landrova, kichwa chake mapajani mwangu.

Siku hiyo dizeli mjini hakuna, kituo kimekaukiwa. Kaka hakujali, ana akiba yake. Kabla ya kuanza mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa juu wa Newala alisimama. Gari likiinama na mafuta tangini hayajafika nusu, pampu inaweza kuvuta hewa, na hakutaka lizime kwenye kona. Nikamsikia akizunguka nyuma, akagonga dumu la upande wa dereva. Sauti nzito. Hakugonga la pili. La nini, kama la kwanza limejaa? Akaingiza shingo ya dumu kwenye mdomo wa tangi, akamimina haraka haraka, akalirudisha likiwa limebaki na kiasi chini, akapanda, tukaondoka.

Tulikwenda mwendo mfupi tu. Injini ikakohoa, ikashtuka, ikazima. Akapiga stata, na tena, na tena, mpaka nikaanza kuichukia ile sauti.

Nilimwegemeza Mama kwenye mto, nikashuka. Kaka alikuwa amefungua filta, ameshika kikombe chake cha chini mkononi, na ndani yake mlikuwa na maji. Maji safi, unaona mpaka chini. 

"Wameniuzia maji," alisema kwa sauti ya chini, ili Mama asisikie. "Wamenichakachulia, washenzi hawa." Alimlaani muuza mafuta, akamlaani na mama aliyemzaa muuza mafuta huyo. Kusafisha tangi, filta na mipira yote na kutoa hewa ni kazi ya saa kadhaa, na saa hizo hatukuwa nazo. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, mikorosho na vumbi tu.

Mama akaita kutoka ndani. Alimwita kaka "baba," maana ndiye aliyerithi jina la babu, baba yake Mama. "Baba, limechemka?"

Kaka akanitazama. Ilikuwa rahisi kuitika kuliko kueleza. "Limechemka, Mama."

Nilirudi kwake, na nitaukumbuka uso wake ule mpaka nife. Maumivu yalikuwa yamemkamua, lakini aliponisikia nikipanda alitabasamu, tabasamu la mtu aliyewashinda werevu wenzake.

"Na nyie mnajifanya mnajua magari," alisema. "Jana mlipokwenda msibani nililishusha lile dumu lenu tupu. Nikalisugua kwa majivu, nikalisuuza mara mbili, nikalirudisha mahali pake, nikalijaza kata kwa kata. Nilitaka mkwe wangu, mke wa kaka yako, alikute nyumbani, afulie. Kumbe Mungu alikuwa na lake. Mwageni kwenye rejeta."

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alisikia yote. Niliona mkono wake ukitafuta ukingo wa gari akaushika. Kata kwa kata, mama mgonjwa wa tumbo, amesimama juani juu ya kigoda, anatoa maji ambayo yeye mwenyewe alijinyima kuoga. Nilitaka kupiga kelele. Sikujua nimkasirikie nani, na hasira isiyo na mtu wa kuibeba ni kitu kibaya sana, bado ninayo.

"Ahsante, Mama," kaka alisema. "Sikujua kama yapo."

"Ungejuaje? Sikukwambia."

Akalichomoa lile dumu, akaenda mbele, akafungua boneti. Rejeta ilikuwa imejaa, haikuhitaji hata tone, lakini alimimina, kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza. Maji yakafurika yakaanguka chini, tukayasikia yakipiga vumbi.

"Polepole, baba," Mama alisema. "Usimwage."

Kaka akaacha kumimina. Alikaa huko mbele, nyuma ya boneti iliyofunguliwa, muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga kifuniko cha rejeta.

Lori la korosho lilitokea kutoka nyuma yetu. Dereva alikuwa Mmakonde wa makamo, mtu wa watu. Hakuuliza maswali, aliwashusha wenzake wawili kutoka kwenye kiti wakapanda juu ya magunia. Tukamwingiza Mama mbele, nikamkumbatia. Kaka akaweka mguu kwenye gurudumu ili naye apande juu.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama akamuuliza. "Utaacha gari porini waling'oe vyuma? Limeshapata maji. Lingoje lipoe, uliwashe, utatukuta mbele."

Angeweza kumwambia kwamba halitawaka. Lakini angeulizwa kwa nini, na Mama hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la nusu. Angechimba mpaka afike kwenye dumu. Niliona kaka akipima jambo hilo, mguu mmoja kwenye gurudumu na mmoja chini. Kisha akaushusha.

"Haya, Mama. Nitawakuta."

"Mungu akutangulie, baba."

Nikamwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama katikati ya barabara na dumu lile mkononi, mpaka kona ikamficha.

Dereva wa lori aliendesha kwa adabu, akipunguza kila penye shimo.  Mara moja Mama aliomba nimlegezee khanga tumboni. Mara nyingine alizungumza na mtu ambaye hakuwepo, kwa Kimakonde, habari za kushuka bondeni kabla jua halijawa kali. Miamba ya Masasi ilipoanza kuonekana alifumbua macho, akanitazama vizuri, akili zake zote zikiwa nyumbani.

"Yalitosha?" aliuliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Yalitosha, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya akimaliza kuhesabu vyombo vyake, akafumba macho. Hatukufika hospitali naye. Tulifika na mwili wake, na dereva yule akavua kofia akakaa nasi mpaka walipomchukua.

Kaka alifika jua likielekea kuzama. Alikuwa amefungua tangi peke yake kule porini, akalikausha kwa shati lake, akasafisha filta, akatoa hewa, akatumia dizeli ya dumu la upande wa pili. Alikuja kifua wazi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ananuka dizeli. Alinikuta kwenye veranda ya hospitali, na hakuniuliza kama Mama yupo. Nadhani aliona jinsi nilivyokaa.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Alijua?"

"Hakujua," nikamwambia. "Aliniuliza kama maji yalitosha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yalitosha."

Kaka alikaa chini pale pale kwenye sakafu, akaficha uso kwa ile mikono yenye dizeli, akalia kwa sauti kama mtoto. Watu walipita wakimwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Mimi sikumwambia hivyo. Nilikaa karibu yake, nikamwacha alie.