Safu ya Diski Niliyoiacha Tupu

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue katambuga mlangoni na nioshe miguu kwenye karai. Nikadhani naingia msikitini, na mimi ni Mlutheri wa Masama tangu enzi za babu. Kumbe naingia chumba cha kompyuta.

Kabla ya hapo nilikuwa mbeba magunia kwenye ghala la kahawa mjini Moshi, kwa kampuni ambayo jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya wenye habari hizi bado tunakutana kanisani. Shule yangu ni darasa la nne, na la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini tarakimu nilizijua. Mpimaji wa mizani alikuwa anataja uzito, mimi naandika kwa chaki ubavuni mwa gunia. Siku moja akaja Mkuu wa Mashine, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akasimama mbele ya gunia langu.

"Nani ameandika saba hii?"

Nikajibanza nyuma ya rundo. Mpimaji akanichongea kwa kidole.

"Saba yako haifanani na moja," akasema Mkuu. "Kule ndani nina vijana wa kidato cha nne, saba zao zote ni moja zilizovaa kofia. Kesho njoo kwangu. Na uje umeoga."

Ndiyo miaka ile ruksa ya biashara huria imeanza kuingia, sabuni zimerudi madukani, kwa hiyo hilo la kuoga halikunishinda. Mwaka mmoja nyuma ningemwomba anivumilie.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, inapulizwa upepo wa baridi mchana kutwa. Sisi wafanyakazi tulivaa masweta, na nje jua la Moshi linapasua kichwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kila nusu saa nisome kwenye skrini hali ya mashine na niiandike kwenye daftari. Nyinyi mnaosoma haya mnabeba kompyuta mfukoni, lakini acheni nieleze kama nilivyoelezwa mimi. Prosesa ni kichwa kinachofikiri. Niliandika kina shughuli kiasi gani kwa mia. Memori ni meza ya kazi, vitu vinavyotumika sasa hivi vinakaa pale. Diski ni ghala. Safu ya nne ilikuwa joto la chumba.

Niliuliza, "Sasa mkuu, haya yote ya nini, na mashine inafanya kazi vizuri tu?"

"Una ng'ombe wa zizini?"

"Ninaye."

"Akiumwa huwa anakwambia?"

"Hapana. Naona kwenye maziwa."

"Basi hayo ndiyo maziwa."

Akanifundisha na jambo jingine, ambalo ndilo lililokuja kuniumbua baadaye. Memori ikijaa kwelikweli, mashine inatoa vitu mezani na kuvirundika kwenye diski, kisha ikivihitaji inavirudisha, kisha inavitoa tena. Hapo diski inaanza kusaga, unaisikia kabisa kama mzee anayetafuna bisi. Ukisikia hivyo, ita wakubwa. "Memori inaweza kukudanganya," alisema Mkuu. "Diski haidanganyi: ikisaga andika mara ngapi, isiposaga andika sifuri. Safu ya diski usiiache tupu hata siku moja." Miaka yote sikuiacha. Hata siku niliyokuwa na malaria niliiandika, herufi zinacheza lakini zipo.

Baadaye nilihamishiwa Mabogini, kwenye ofisi ndogo ya kampuni iliyoshughulika na mpunga. Huko hapakuwa na baridi. Kulikuwa na kompyuta moja mezani, feni moja, na vumbi la pumba linaloingia kila tundu. Mkubwa wa kule, Bwana Shamba, alikuwa mtu wa vitendo, akaniamuru niifute mashine kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi. Nikaifuta. Siku ya tano ikanyamaza. Bwana Shamba akasema imekufa kwa joto, nami sikumbishia, maana mwenye kitambaa nilikuwa mimi. Ndiyo niliyojifunza Mabogini. Hayo na mbu.

Niliporudi Moshi, kampuni ilikuwa imeshanunuliwa na wenye mali wapya, Mkuu wa Mashine amestaafu, na kwenye kile chumba nilichokiacha na mashine moja nikakuta tatu. Ya zamani ilikuwa bado inatunza uzito wa kahawa. Ya pili ilikuwa ya makatibu muhtasi, yenye madirisha na kipanya. Ya tatu ilikuwa mpya, na programu yake kuu haikununuliwa, watu duniani waliitengeneza pamoja wakaigawa bure. Hiyo aliishauri Injinia wetu, binti wa Rombo anayeitwa Manka, mhitimu wa juzijuzi, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni.

Taabu ni kwamba kila mashine ilitoa hesabu zake kwa namna yake. Ilikuwa kama ukweni. Mmachame akisema neno, Mrombo anamtazama tu, na wote wawili wanaapa kwamba hicho ni Kichagga. Daftari langu likawa madaftari matatu.

Manka akasema, "Baba, nitaandika maktaba."

Nikamuuliza vitabu vitakaa wapi. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe maktaba kwa lugha yao ni fungu la maelekezo ambalo programu nyingine zinaweza kuliazima. Ile ya kwake ingekuwa mkalimani. Wewe unauliza swali moja, "Prosesa ina hali gani? Memori je?", yenyewe inamwendea kila mashine na kumuuliza kwa lugha ya mama yake, halafu inakuletea majibu yote kwa lugha moja kwenye karatasi moja. Nilipenda. Sisemi uongo, nilipenda sana, mpaka Meneja Mpya alipoiona.

Meneja alikuwa kijana wa Kibosho, tai shingoni, na watu alikuwa anawapunguza kama anayepogolea mibuni. Aliishika karatasi ya kwanza ya Manka, akanitazama mimi.

"Hii ikitoka yenyewe kila asubuhi, madaftari ya nini?" Akanyoosha tai. "Na mwenye madaftari?"

Mimi ilibaki kama misimu miwili ya kahawa nifikishe umri wa kustaafu. Kitinda mimba wangu alikuwa chuo cha ualimu. Hamjui mshindo wa swali lile.

Lakini macho yake yalirudi kwenye karatasi, yakakwama. Memori ya mashine ya zamani ilikuwa sitini kwa mia. Ya makatibu, hamsini na kitu. Ya mpya, tisini na saba.

"Injinia, msimu haujaanza, na mashine yako mpya imeshajaa?"

"Nitaangalia, bosi. Labda kuna programu inayokula memori."

"Angalia mpaka Ijumaa. Ikibaki hivi, inarudi ilikotoka, na aliyeishauri aisindikize." Akanigeukia. "Mzee, daftari lako linasemaje?"

Nikafungua. Tisini na saba.

"Linasema hivyohivyo, bosi."

Neno lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa uongo. Mimi nilikaa na mashine ile wiki nyingi, sikio langu hatua mbili kutoka kwenye diski yake, na diski ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Meza iliyojaa haiwi hivyo. Nilijua palepale kwamba tisini na saba ile haikuwa kujaa. Mashine ilikuwa imejiwekea vitu karibu, vile ilivyovisoma jana na juzi, isiende ghalani tena ikivihitaji. Jina lake kwa kitaalamu sikulijua, lakini nilijua.

Manka hakujua. Chuoni alisomea mashine za aina nyingine, na maktaba yake ilikuwa bado haijaweza kuuliza habari za diski, maana kila mashine inahesabu diski kivyake. Safu ya diski ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye daftari langu. Jioni ya siku ileile, Jumatatu, nikashika kalamu niandike sifuri, kama kawaida. Sikuiandika. Nikaiacha tupu. Jumanne tupu. Jumatano tupu. Niliwaza hivi: mashine ikiondoka, Injinia ataondoka na maktaba yake, na mimi nitabaki na madaftari yangu. Na Manka siku hizo zote yuko chini ya meza anatafuta programu mla memori, kama mtu anayetafuta panya aliyekufa. Saa nne ananimiminia chai kabla ya yeye kunywa.

"Baba, wewe huoni kitu?" aliniuliza Jumanne.

"Macho ya uzee, mwanangu."

Alhamisi nilikuwa na ruhusa, zamu yetu ya kusafisha mfongo, mfereji ule unaoleta maji vihambani, mashamba ya nyumbani kwetu Masama. Juu ya mfongo tuna nduwa, bwawa dogo tunalozuia maji. Tukiwa tunazoa matope akapanda jirani wa chini, kifua mbele.

"Mmeyamaliza maji, wezi nyinyi! Kwangu mfongo mkavu, hapa nduwa imejaa mpaka mdomoni!"

Mzee wa mfongo hakuinua hata kichwa. "Nani ameyanywa? Yamekaa. Unayataka?"

"Nayataka!"

"Si ungesema, badala ya kutukana." Akachomoa kizibo cha mgomba, maji yakaondoka yanapiga kelele kuliko yule jirani.

Msidhani hapo ndipo nilipojua. Nilijua tangu Jumatatu, nimeshasema. Hapo ndipo nilipoona haya. Mzee yule angeweza kunyamaza, jirani akarudi na ukavu wake akawachukia watu wasio na kosa. Niliacha jembe, nikaenda mpakani nikakata jani la isale.

Kwa wasio wa huku: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka. Ukimkosea mtu unampelekea. Akilipokea, kosa limefutwa, na kulikataa ni mwiko. Lakini nimeona likipelekwa na mdogo kwa mkubwa, au mtu kwa rika lake. Mzee kumpelekea binti, hilo sikuwahi kuliona. Nikalifunga kwenye gazeti nikashuka mjini.

Manka aliponiona nafungua gazeti akasimama, kalamu ikamdondoka.

"Shikamoo baba. Isale la nini tena? Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekukosea."

Nikamwonyesha daftari, safu tupu ya siku tatu, na sifuri zote zilizotangulia. Nikamwambia niliyoyasikia na kwa nini nilinyamaza. Akakunja uso kama anayeonja shubiri, kisha akanyoosha mikono yote miwili akalipokea jani.

"Meku," akasema, yaani mzee, kwa Kichagga. "Ungekuwa rika langu ningekupiga na hili daftari."

"Na ningestahili."

"Sasa kaa hapa, unieleze hiyo diski toka mwanzo."

Ijumaa alimwita Meneja chumbani. Akaipa mashine mpya uzito wa kahawa ya msimu mzima uliopita, yote kwa pamoja. Memori tisini na saba. Dakika zikapita, tisini na saba. Diski haikutafuna hata bisi moja. Kazi ikaisha Meneja hajamaliza chai.

"Sasa hiyo tisini na saba ni ya nini?"

Manka akanitazama. Nikasema, "Bosi, nyumbani mna nduwa?"

"Tunayo."

"Ikijaa, maji yamekwisha?"

Akaweka kikombe chini. Kisha akacheka, kicheko cha nyumbani kabisa, tai na yote. "Kumbe inashikilia tu! Ukiyataka inaachia!" Halafu akaacha kucheka. "Mzee, wewe ulijua hili lini?"

Manka akawahi, "Tumegundua jana, bosi."

"Jumatatu," nikasema.

Alilichukua daftari, akafunua, akaona mashimo yangu ya siku tatu. Hakunigombeza. Alilirudisha mezani taratibu, na mimi nikajua jibu la lile swali lake la mwenye madaftari.

Manka aliirekebisha maktaba. Memori ikagawanywa safu mbili, iliyotumika na inayopatikana, na nduwa ikahesabiwa kwenye inayopatikana, inavyostahili. Diski nayo akaifundisha, mimi nimekaa pembeni yake mwezi mzima nalinganisha karatasi na daftari, nusu saa kwa nusu saa. Ndio mwezi bora kuliko yote niliyofanya kazi. Siku zilipolingana mfululizo bila kosa, barua yangu ya kupunguzwa kazi ikaja. Mke wangu aliisoma, akaniambia, "Kamba umejikatia mwenyewe." Nikasema ndiyo. Mtoto alimaliza chuo kwa ndizi na maziwa, na kwa mbuzi wa mama yake, ambao sijasamehewa mpaka leo.

Siku ya kuaga walitaka kuyachoma madaftari. Manka akaliokoa moja, akanipa kwenye bahasha. Kufika nyumbani nikafungua, nikakuta jani la isale limekauka, limebanwa kwenye ukurasa wa zile siku tatu.

Ninalo hadi sasa. Wajukuu wakilipekua wananiambia, "Babu, si uandike tu sifuri hapa? Ilikuwa sifuri kweli, na nani atajua?" Kweli ilikuwa sifuri. Kalamu ninayo, na saba yangu bado haifanani na moja. Nalifunga daftari, jani ndani, nakwenda kuangalia nduwa.