Anayekimbia Kinyumenyume

Mwalimu wa mazoezi wa chuo hukimbia kinyumenyume, akiwatazama wanafunzi wake usoni, wala hajikwai hata ukungu unapoifunika njia ya kwenda kijiji cha Ruanda. Viganja vyake vimepasuka kwa baridi, huvipiga taratibu, akisema kwa lafudhi yake ya Kinyiha, "Pumueni, wanangu, pumueni." Gwantwa alijiunga nao baada ya majuma ya kujifungia bwenini, usingizi ukiwa umemkataa tangu alipofeli mitihani. Asubuhi ile alikuwa wa mwisho mstarini, kati ya mashamba ya kahawa yaliyolowa umande, aliposikia vishindo vya miguu nyuma yake. Alipunguza mwendo, navyo vikapungua. Akamtazama mwalimu, akaona macho yake yamempita, yametulia nyuma ya bega lake.

"Mwalimu, nani yuko nyuma yangu?"

"Usigeuke, binti yangu," alimjibu kwa upole. "Ni mwenzenu aliyefariki mwaka jana. Naye alikuwa halali usiku. Hajakosa mazoezi hata siku moja."

Gwantwa hakuwakimbilia wenzake. Alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi, na pumzi ya baridi ikaja ikakaa ubavuni pake.