Mistari Miwili ya Mzee Kalamu

Mdogo wangu aliolewa na Mzee Kalamu akiwa na miaka ishirini na mitatu, bwana akiwa na hamsini na moja. Ndugu walimvika kilemba cha ukoka siku ile: bahati iliyoje, mume anayesomwa mpaka mashuleni! Mimi ni fundi cherehani, vitabu sivijui sana, ila mtu anayekusikiliza huku anaandika kichwani namjua. Nilinyamaza. Hilo ni kosa langu.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa chekechea, na kazi ile aliipenda kuliko hata huyo mume, Mungu anisamehe. Alikuwa na watoto thelathini na wanne, na kilio cha kila mmoja alikijua akiwa nje ya mlango.

Mwaka wa nne wa ndoa kikatoka kitabu kipya cha shemeji. Ndani yake mna mama wa kambo anayemchoma mtoto vidole kwa pasi. Shemeji alimpa mwanamke yule mwanya wa mdogo wangu, kovu lake la kidevuni, hata tabia yake ya kuimba kwa pua akikunja nguo. Unyama ule aliubuni tu. Nyumbani kwao hakukuwa na mtoto. Wana wa shemeji wa ndoa ya kwanza ni watu wazima wenye nyumba zao. Nani alijali? Lisemwalo lipo, watu wakasema. Miezi miwili baadaye darasani walibaki watoto kumi na mmoja.

Mwalimu mkuu, mama mwenye utu, akamwita ofisini. "Mwanangu, mwambie mumeo aandike mistari miwili tu, kwamba yule si wewe. Niibandike mlangoni, yaishe."

Mistari miwili! Kwa mtu aliyejaza kurasa mia nne! Nilikuwepo sebuleni mdogo wangu alipomwomba. Shemeji akavua miwani.

"Mke wangu, mwandishi haelezi kitabu chake. Nikisema si wewe, nimekiua."

"Na mimi je?"

"Wewe nimekupa uhai usiokwisha."

"Shemeji," nikamwambia, "uhai anao. Anataka kazi yake."

Akaahidi. Wiki tatu alijifungia chumbani, mdogo wangu akimpelekea chai kwa kunyata. Barua ikatoka, tena gazetini, Jumapili, ukurasa mzima: "Kwa Mke Wangu". Tamu ajabu! Kuna watu waliikata wakaihifadhi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akakunja gazeti.

"Mumeo ana kalamu, mwanangu. Ila sijaona aliposema si wewe."

Kazi ikaishia hapo.

Sasa yuko nami dukani, anapima sare za shule. Kwa mumewe hajarudi, wala huyo bwana hajaja kumuulizia, nasikia anaandika. Mimi nachemka, mwenyewe anakunja sare tu, na utulivu wake unaniudhi zaidi.

Juzi akaingia mama mmoja na binti yake. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa mwanawe darasani. Binti akamrukia mdogo wangu: "Mwalimu!" Naye akapiga magoti ampime mabega. Nilisimama na mkasi wangu, nikisubiri yule mama amvute mwanawe. Hakumvuta. Aliinama, akamshika mdogo wangu bega kwa huruma kabisa.

"Mwalimu, mimi nilishakusamehe. Kitabu nimekisoma mpaka mwisho. Si ulitubu?"